Usiihukumu Barafu kwa Mwaka Mmoja

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi hapa Dar es Salaam mbele ya walimu wa jiografia na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Nimeyaandika kamili kwa ajili ya walioshindwa kufika. Grafu zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Shikamooni wakubwa zangu. Walimu wangu, habari za asubuhi. Nanyi wanangu, hamjambo?

Najua swali mlilokuja nalo. Mtu katoka Mbagala, mwingine katoka Tegeta, mwingine kapanda magari mawili kutoka Gongo la Mboto, kafika hapa anaambiwa leo tunazungumzia barafu ya Ncha ya Kaskazini na Ncha ya Kusini. Barafu tunayoijua sisi ni ile inayopondwa pale Feri na kumwagwa juu ya samaki. Ya huko mwisho wa dunia inatuhusu nini?

Nianze na mwenzenu. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, jina lake Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yake aliyaingiza kwenye friza yangali ya moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Akauliza kwa nini. Wakamwambia umechanganyikiwa. Hakuacha. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo lile, na duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba maswali ya barafu ni ya watu wa nchi za baridi. Mtanzania aliuliza moja, na dunia nzima bado inalihangaikia.

Sasa tuingie kwenye kazi.

Barafu ninayoizungumzia leo ni maji ya bahari yenyewe yaliyoganda. Kwa sababu ya chumvi, maji hayo hayagandi kwenye sifuri. Husubiri mpaka yafike karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Barafu hiyo huelea. Msiichanganye na barafu ya nchi kavu, ile ya Greenland, ile iliyolala juu ya bara la Antaktika, au hii yetu ya Kibo, ambayo kati ya 1912 na 2007 ilipoteza asilimia 85 ya eneo lake. Barafu ya nchi kavu ikiyeyuka, maji yake yanaongezeka baharini. Barafu ya bahari ilikuwa tayari imo majini, kwa hiyo ikiyeyuka haipandishi kina cha bahari kwa kiasi cha kutajika. Walimu wangu, hapa ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa kwenye mtihani, na hata magazeti hujikwaa.

Tunaipimaje? Kule kuna miezi ya giza tupu, na jua likitoka mawingu hutanda. Kamera ya kawaida haifai. Lakini barafu na maji hutoa mawimbi ya mikrowevu kwa namna tofauti, na setilaiti huyanasa usiku na mchana, mawingu yawepo yasiwepo. Oktoba 1978 Marekani ilirusha setilaiti ya Nimbus-7 ikiwa na chombo cha kazi hiyo, na tangu wakati huo tuna rekodi inayoendelea kwa miaka zaidi ya 40. Bahari hugawanywa katika miraba ya takribani kilomita 25 kwa 25. Mraba ukiwa na barafu kwa asilimia 15 au zaidi, unahesabiwa wote. Chini ya hapo, hauhesabiwi. Jumla ya miraba hiyo ndiyo eneo la barafu tunalolisoma kwenye habari.

Kumbukeni hilo la asilimia 15, kwa sababu lina jambo ndani yake. Upepo ukiisukuma barafu ikabanana, ikapandiana vipande kwa vipande, eneo linapungua papo hapo na hakuna hata tone lililoyeyuka. Upepo ukiitawanya, eneo linaongezeka na barafu ni ileile. Eneo halitwambii barafu ni nene au nyembamba.

Kila mwaka barafu hii hupanuka na kusinyaa. Kaskazini hufika kilele mwezi Machi, takribani kilomita za mraba milioni 15, na hufika chini kabisa mwezi Septemba. Kusini ni kinyume: kilele ni Septemba, karibu milioni 18 na ushee, na Februari hubaki milioni 2 hadi 3 tu. Ili tuelewane kwenye vipimo, Tanzania nzima, Bara na Visiwani, ni takribani kilomita za mraba 945,000. Nikisema milioni moja, hesabuni Tanzania moja na kachenji kidogo.

Jambo la kwanza ninalotaka mlibebe: barafu hii inasafiri.

Mwaka 1881 meli ya Kimarekani iitwayo Jeannette ilibanwa na barafu ikavunjika kaskazini mwa Siberia. Miaka mitatu baadaye mabaki yake yakaokotwa kusini magharibi mwa Greenland, upande wa pili wa Bahari ya Aktiki, ile ya Ncha ya Kaskazini, pamoja na suruali ya baharia mmoja. Suruali hiyo ilifikaje huko? Wengi walishangaa tu, wakaendelea na shughuli zao. Mnorwei mmoja, Fridtjof Nansen, aliona kwamba hapo kuna ushahidi. Kama mabaki yamevuka, basi barafu nzima inavuka. Akaunda meli, Fram, yenye ubavu wa mviringo ili barafu ikiibana isiivunje bali iinyanyue. Mwaka 1893 akaiingiza kwenye barafu ya Siberia kwa makusudi, akaiacha igande. Fikirieni ujasiri huo! Wakakaa ndani ya barafu, miezi ya giza, wakipima kina, joto na upepo siku baada ya siku. Mwaka 1896 meli ikatoka upande wa pili, karibu na visiwa vya Svalbard, nzima.

Sisi watu wa pwani jambo hili tunapaswa kulielewa kuliko wengine. Babu zetu waliingia na kutoka bandari hizi kwa kaskazi na kwa kusi. Nani hapa hajui kwamba upepo ukichelewa, jahazi linachelewa? Barafu ya bahari nayo ni abiria wa upepo na mikondo. Kuna miaka ambayo mgandamizo wa hewa juu ya Aktiki hukaa chini na upepo unaozunguka ncha hupata nguvu. Wataalamu huita hali hiyo Msukosuko wa Aktiki ulio chanya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 hali hiyo ilishika kwa nguvu, ikasomba barafu nyingi nene, ya miaka mingi, ikaitoa kupitia mlangobahari wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, hadi Atlantiki ilikokwenda kuyeyuka. Barafu ya namna ile haijarudi.

Mwaka 2019 Wajerumani na washirika wao waliirudia safari ya Nansen kwa meli ya Polarstern. Barafu waliyojifunga nayo ilikuwa nyembamba, na majira ya baridi ya 2020 upepo ule ukavuma kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ilisafiri haraka kuliko walivyokadiria, na mwishoni mwa Julai 2020 pande lao likapasukapasuka.

Sasa la pili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapodanganyika.

Mwaka 2007 dunia ilishtuka. Septemba ya mwaka ule barafu ya Kaskazini ilishuka hadi takribani milioni 4.2, zaidi ya milioni moja chini ya rekodi ya 2005. Kulitokea nini? Mgandamizo mkubwa wa hewa ulikaa juu ya bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska na Kanada, mgandamizo mdogo ukakaa upande wa Siberia, na kati yake upepo ukawa unaisukuma barafu kutoka Siberia kuelekea Atlantiki wiki baada ya wiki. Anga likawa jeupe, jua likawaka, na maji ya uvuguvugu yakaingia kutoka Pasifiki kupitia mlangobahari wa Bering. Mambo yote yakaja pamoja.

Mwaka 2012 ikawa mbaya zaidi. Mwanzoni mwa Agosti kimbunga kikubwa kiliingia katikati ya Aktiki, kikaivunjavunja barafu, na Septemba tukabaki na milioni 3.4. Wastani wa Septemba kati ya 1981 na 2010 ni takribani milioni 6.4. Tanzania tatu za barafu hazikuwepo! Watu wakasema ni kile kimbunga. Watafiti wakarudi kwenye modeli zao za kompyuta, wakaondoa kimbunga, wakapiga hesabu upya. Jibu? Rekodi ingevunjwa vilevile, kwa sababu barafu ilikuwa imeshakonda kabla kimbunga hakijafika. Dhoruba ya namna ile ingeipiga barafu nene ya miaka ya 1980, ingeitikisa tu.

Halafu ikaja 2013. Kiangazi cha huko kikawa cha baridi na mawingu, na Septemba barafu ikasimama kwenye milioni 5.1 hivi. Imeongezeka zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka mmoja. Mnakumbuka yaliyoandikwa? Kuna magazeti huko Ulaya yaliyotangaza kwamba barafu imerudi, kwamba habari ya joto la dunia imekwisha.

Niwaulize. Mtu akienda ufukweni Kigamboni siku ya maji mafu, akakuta maji hayajagusa ukuta, je, akitangaza kwamba bahari imerudi nyuma tutamwamini? Tutamwambia, subiri bamvua. Na akienda siku ya bamvua, akakuta maji yamepanda ukutani, akisema bahari imemeza Kigamboni, tutamwamini? Hapana pia. Anayejua ni yule anayekwenda mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, akatia alama ukutani.

Na alama za ukuta wa Kaskazini zinasemaje? Zinasema kwamba barafu ya Septemba imekuwa ikipungua kwa takribani asilimia 12 kila muongo tangu 1979. Zinasema kwamba Septemba 19 zenye barafu ndogo kuliko zote kwenye rekodi ya setilaiti ni zile za miaka ya 2007 hadi 2025, bila hata moja kukosekana. Sikilizeni tena: zote 19. Na Machi 2025, kilele cha barafu ya baridi kilikuwa milioni 14.3, cha chini kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa hadi wakati huo.

Lakini niwe mkweli mbele yenu, kwa sababu kuna kijana mjanja atakwenda kuangalia mwenyewe. Rekodi ya 2012 ilikuwa haijavunjwa hadi Septemba 2025. Tangu 2007 mstari wa Septemba umeshuka kwa mwendo wa pole kuliko zamani. Je, tumekosea? Hapana. Mabadiliko ya asili ya upepo na bahari yana uwezo wa kuongeza kasi ya kuyeyuka kwa miaka 20 na uwezo wa kuipunguza kwa miaka 20. Wapo watafiti waliokadiria kwamba sehemu kubwa ya kushuka kwa Septemba hadi miaka ya 2010, pengine theluthi hadi nusu, ilisukumwa na mzunguko wa hewa wenyewe, juu ya joto tulilolileta sisi. Anayewaficha habari hii kwa kudhani anaitetea sayansi, anaidhoofisha. Mwanafunzi atakapokutana nayo mtaani, ataona walimu wake walimficha.

Twende Kusini, na huko ndiko nilikojifunza unyenyekevu.

Kaskazini ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Kusini ni bara lililozungukwa na bahari, na barafu iko huru kutanuka kuelekea kwetu mpaka upepo, mawimbi na maji ya vuguvugu viikatae. Nyingi huzaliwa na kufa ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo huko upepo na bahari vina sauti kubwa zaidi. Na kwa miaka zaidi ya 30, wakati Kaskazini inapungua, Kusini ilikuwa inaongezeka kidogokidogo! Septemba 2014 ikapita milioni 20, kubwa kuliko zote tangu setilaiti zianze. Wataalamu walisumbuka sana. Maelezo waliyoyategemea zaidi ni pepo za magharibi kuimarika, na mgandamizo mdogo wa bahari ya Amundsen uliokuwa ukiisambaza barafu kuelekea kaskazini katika bahari ya Ross, zote mbili zikiwa kando ya Antaktika.

Kisha ikaja 2016. Kuanzia Septemba hadi Desemba, barafu ilianguka kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Hapa, ndugu zangu, ndipo hadithi ya huko inapogusa mvua zetu. Kumbukeni El Niño ya 2015 na 2016. Tunaijua El Niño kwa mafuriko ya 1997 na 1998, na tumeiona tena mwaka 2023, mvua za vuli zilipopitiliza kwa sababu bahari ya Hindi upande wetu nayo ilikuwa na joto kuliko kawaida. Joto lilelile la Pasifiki ya katikati, ambalo likikutana na joto la bahari yetu hutujazia Msimbazi, hutuma mawimbi ya hewa hadi Antaktika na kuhamisha ule mgandamizo wa Amundsen. Mara nyingi wakati wa El Niño barafu hupungua upande wa Ross na Amundsen, ikaongezeka upande wa Weddell. La Niña hugeuza. Mwaka 2016 kulikuwa na mengine juu yake: hewa ya joto kutoka kaskazini iliingia sehemu kadhaa kwa mpigo, pepo za magharibi zikalegea ghafla mwezi Novemba, na chini ya barafu maji ya bahari yalikuwa yameshaanza kupata joto.

Hadi 2025 barafu ya Kusini ilikuwa haijarudi kwenye kilele kile cha 2014. Februari 2022 ilishuka chini ya milioni 2 kwa mara ya kwanza. Februari 2023 ikawa milioni 1.79. Na Septemba 2023, wakati wa kilele, haikufika milioni 17. Ilikuwa chini ya rekodi ya zamani, ya 1986, kwa takribani milioni moja. Kutoka kilele cha juu kabisa hadi kilele cha chini kabisa katika miaka tisa!

Mwaka 2022 pengwini wakubwa wanaoitwa emperor waliangua vifaranga juu ya barafu ya bahari ya Bellingshausen kama kawaida yao. Kifaranga cha emperor huzaliwa na manyoya laini ya kijivu yasiyozuia maji. Anahitaji barafu imbebe mpaka Desemba au Januari, aote manyoya ya kuogelea. Mwaka ule barafu ikavunjika mapema. Katika makundi matano ya eneo lile yaliyofuatiliwa kwa setilaiti, manne yalipoteza vifaranga vyao vyote. Huwa nawaza sana juu ya hilo. Kwa kundi moja la ndege, mwaka mmoja mbaya ni kizazi kizima.

Je, kuporomoka huku kwa Kusini ni bamvua tu, au ni ukuta wenyewe unaondoka? Wataalamu wengi wanaamini joto la bahari ya chini limeshabadili tabia ya barafu ile, ila wanasubiri miaka zaidi ili waseme kwa uhakika. Nami nasubiri pamoja nao. Kaskazini sisubiri, ushahidi umeshatosha.

Kwa nini umetosha? Kwa sababu tunajua namna linavyotendeka. Barafu yenye theluji hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Bahari iliyo wazi hunywa zaidi ya asilimia 90. Ukiondoa barafu, bahari inapata joto, na bahari yenye joto inachelewa kuganda. Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu 1979. Na mwaka 2016 watafiti wawili, Dirk Notz na Julienne Stroeve, walionesha kwamba kila tani moja ya kaboni dayoksaidi tunayoitoa huondoka na takribani mita 3 za mraba za barafu ya Septemba. Tani moja ni lita kama 430 za petroli. Matangi kumi ya gari dogo. Tazameni hapa mbele: kutoka kipaza sauti hiki hadi mguu wa meza ile, na upana wa mlango ule. Hiyo ndiyo barafu ya matangi kumi.

Jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya 2021, lilisema kuna uwezekano mkubwa Aktiki ikapita angalau Septemba moja ikiwa karibu haina barafu kabla ya 2050, maana yake chini ya milioni moja. Mwaka gani hasa? Hapo upepo ndio utakaoamua, na hakuna anayeweza kuwatajia tarehe. Akitokea wa kuwatajia, muulizeni ameijuaje.

Walimu wangu, nina ombi moja la kazi. Takwimu hizi zinatolewa bure kila siku na kituo cha taifa cha Marekani cha theluji na barafu, kule Colorado. Simu moja yenye bando inatosha darasa zima. Wapeni wanafunzi namba za Septemba tangu 1979. Kundi la kwanza lichore 2007 hadi 2012 peke yake. Kundi la pili lichore 2012 hadi 2025. Kundi la tatu lichore zote. Halafu wabishane, nanyi msiwape jibu mapema. Wakimaliza, wapeni mvua za vuli za Dar es Salaam wafanye vilevile, miaka ya El Niño na isiyo ya El Niño, maana siku moja hao ndio watakaoamua madaraja kama la Jangwani yajengwe kwa kipimo cha mvua ya mwaka gani.

Nimemaliza yangu. Kipaza sauti kianzie kule nyuma kwa wanafunzi, walimu mtaniwia radhi, zamu yenu inafuata. Naona mkono tayari. Karibu, mwanangu, uliza.